Pombe na Ibada Tangu Zamani za Kale

Mazungumzo ya leo ni juu ya pombe, lakini hatukuja kuisifu wala kuihubiri vibaya. Kazi hizo zina wenyewe. Twataka kutazama jambo moja ambalo watu wengi huliona kila siku wasiulize asili yake.

Chukueni ukoo mmoja katika kijiji cha bara, siku ya arusi. Mjomba ni Mwislamu. Ameketi mbali na chungu, anakunywa chai. Shangazi ni Mkristo wa kanisa ambalo mtu wake akionekana na pombe huitwa mbele ya wazee na kutengwa. Ndugu yake shangazi ni Mkristo vile vile, husoma Maandiko yale yale, lakini yeye ametoka misani asubuhi na sasa anangoja zamu yake ya kata, na padre wake hamwambii neno ila akilewa. Na babu wa ukoo, kabla hajaonja, amemwaga kidogo chini kando ya mlango, huku akitaja majina ya waliotangulia. Wote wanne ni damu moja, na kila mmoja anaamini kwamba anamcha Mungu kama ipasavyo. Ugomvi ukizuka arusini, aghalabu huzukia hapo.

Tofauti hizi zimetoka wapi? Ukiwauliza wenyewe watakujibu kwamba zimetoka katika mafundisho ya dini. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili imo katika habari za wapishi wa pombe: walikuwa nani, waliipikia wapi, na walimpikia nani. Habari hizo ni ndefu, nasi tutaanza mbali.

Kwanza tufikiri jinsi pombe yenyewe inavyotokea. Nafaka hulowekwa hata ikaota, kisha huanikwa ikawa kimea. Kimea husagwa, hupikwa kama uji, huachwa kupoa. Mpaka hapo kila kazi ni ya mikono ya mtu. Lakini baada ya siku moja au mbili uji ule huanza kuchemka wenyewe, bila moto, ukitoa povu na sauti, na ladha yake hugeuka. Nani aliyeuchemsha? Siku hizi twajua kwamba ni chachu, nayo ni vitu vyenye uhai, vidogo mno hata jicho haliwezi kuviona. Lakini ujuzi huu ni wa juzi. Mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alianza kueleza kazi ya chachu kwa hakika mnamo mwaka 1857. Kabla yake watu walipika pombe maelfu ya miaka wasijue ni nani anayefanya kazi ndani ya mtungi. Katika mji wa Norwich, Uingereza, wapishi wa karne ya 15 waliiita chachu kwa jina ambalo maana yake ni "Mungu ni mwema." Twaona jina hilo lina adabu: mtu amefanya sehemu yake, na sehemu iliyomshinda ameikabidhi kwa mwenyewe.

Tena pombe hula nafaka nyingi. Mwaka wa njaa hakuna apikaye. Kwa hiyo mtungi uliojaa ulikuwa ishara kwamba mvua imenyesha, shamba limezaa, na ghala lina akiba. Si ajabu basi kwamba mtu aliyetaka kumshukuru Mungu au wahenga wake hakuona zawadi iliyo bora kuliko hiyo.

Nchi ambayo habari zake za namna hii ziliandikwa mapema sana ni Sumeri, katika sehemu ya kusini ya nchi iitwayo sasa Iraki. Watu wa huko waliandika kwa kukandamiza alama katika vibao vya udongo, na vingi katika vibao hivyo ni hesabu za hekalu: shayiri iliyoingia, pombe iliyotoka, wafanya kazi waliolipwa posho ya pombe na mkate. Walikuwa na mungu wa kike wa pombe aitwaye Ninkasi. Utenzi wa kumsifu, ambao nakala zake ni za yapata miaka 1800 kabla ya kuzaliwa Kristo, unaeleza hatua za upishi tangu kuloweka shayiri hata kuchuja pombe, na hivyo wataalamu wa leo wamepata kujua namna walivyopika.

Katika mihuri yao ya kale wamechorwa watu walioketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu mdomoni. Msikilizaji wa Teso hahitaji kuelezwa picha hiyo; ameiona kwa wazee wake. Katika kaburi la malkia Puabi, katika mji wa Uru, wachimbaji wa miaka ya 1920 walikuta hata mrija wa fedha.

Lakini huko huko Sumeri na Babeli, ambako pombe ilikuwa mali ya hekalu, ndiko tunakoona kwamba dini haikuwaachia watu wote wainywe popote. Sheria za mfalme Hammurabi, zilizoandikwa katika karne ya 18 kabla ya Kristo, zina maneno juu ya wanawake waliouza pombe. Mwenye nyumba ya pombe aliyewapunja wanunuzi alipewa adhabu. Na mwanamke aliyewekwa wakfu kwa miungu, asiyekaa ndani ya nyumba ya wenziwe, akifungua nyumba ya pombe au akiingia humo kunywa, ilikuwa achomwe moto. Angalieni: pombe ile ile ililetwa mbele ya miungu kwa heshima, lakini mtumishi wa miungu kuinywa katika nyumba ya biashara ilikuwa kosa la kuuawa. Ubaya, kwa macho ya watu wale, haukuwa katika mtungi. Ulikuwa katika mahali na katika mtu. Neno hili tulishike, maana tutalikuta tena.

Wamisri nao walikuwa na hadithi. Walisema kwamba mungu wa jua, Ra, aliwakasirikia wanadamu waliomfanyia shauri baya, akamtuma mungu wa kike mwenye ukali wa simba awaangamize. Aliua hata Ra mwenyewe akajuta. Basi akaamuru ipikwe pombe ya mitungi 7,000, itiwe udongo mwekundu, imwagwe mashambani usiku. Kulipokucha yule mwuaji akaona ziwa jekundu, akadhani ni damu, akanywa, akalewa, akasahau kazi aliyotumwa. Hivyo wanadamu waliobaki wakasalimika, na Wamisri wakawa na sikukuu ya kunywa kwa ukumbusho wa siku hiyo.

Mtu aweza kucheka hadithi hiyo, lakini hawezi kucheka kazi ya mikono yao. Mwaka 2021 wachimbaji wa Misri na Marekani walitangaza kwamba wamefukua huko Abydos mahali pa kupikia pombe pa zamani za mfalme Narmer, yapata miaka 5,000 iliyopita. Palikuwa na sehemu nane, kila moja yenye urefu wa mita 20, na ndani ya kila sehemu vyungu karibu 40 vimepangwa safu mbili. Walikadiria kwamba mpiko mmoja ulitoa lita 22,400. Msikilizaji akitaka kuona wingi huo, na ahesabu madebe ya lita 20: ni zaidi ya 1,100. Hapakuwa kilabu. Abydos palikuwa mahali pa makaburi ya wafalme, na wachimbaji wanaona kwamba pombe ile ilipikwa kwa ajili ya ibada zao.

Sasa tuvuke tuje katika dini zilizoenea kwetu. Dini ya Kikristo ilianzia katika nchi ya mizabibu, ambako kinywaji cha mezani kilikuwa divai, na kwa hiyo altare ilipata divai. Pombe ya nafaka haikupata nafasi hapo, wala haijaipata hata leo. Dini ilipofika kaskazini ya Ulaya, katika nchi za baridi ambako mzabibu hausitawi na watu hunywa pombe ya shayiri, pombe hiyo haikuingia kanisani kwa mlango wa altare. Iliingia kwa mlango wa jikoni, na waliomfungulia mgeni huyo walikuwa watawa.

Katika karne ya 6 mtawa wa Italia aitwaye Benedikto aliandika kanuni ya maisha ya watawa. Alitaka wale jasho lao, wafanye kazi kwa mikono yao, na wapokee kila mgeni kama angempokea Kristo. Juu ya kinywaji alisema kwa upole wa mtu anayewafahamu wenziwe: afadhali mtawa asinywe divai kamwe, lakini maadamu watawa wa siku zake hawakubali kushawishika hivyo, basi na wanywe kwa kiasi, kipimo kimoja kidogo kwa siku. Kanuni hiyo ilipofika katika nchi zisizo na divai likawa swali: wafanyeje? Wakuu wa monasteri waliokutana Aachen miaka ya 816 na 817 wakajibu kwamba pasipo na divai mtawa apewe pombe njema mara mbili ya kipimo kile. Ndivyo kinywaji cha wakulima kilivyopata cheo katika nyumba za sala.

Iko ramani moja ya monasteri iliyochorwa karibu na mwaka 820, nayo imehifadhiwa hata leo katika maktaba ya St. Gallen, Uswisi. Imechorwa kila jengo: kanisa, zahanati, shule, mabanda ya kuku, bustani ya dawa. Humo mna majiko matatu ya pombe. Moja la watawa, la pili la wageni wa heshima, na la tatu la mahujaji na maskini. Kila moja liko pamoja na jiko la mkate, maana mwoka mkate na mpika pombe hutumia nafaka moja na chachu moja. Sisi tunalipenda jiko lile la tatu. Lasema kwamba maskini aliyebisha hodi usiku wa baridi alikuwa ametengewa mtungi wake kabla hajafika, ingawa ni kweli pia kwamba hakuupata ule wa wageni wa heshima.

Watawa walikuwa na mambo matatu ambayo mpishi wa kijijini hakuwa nayo: ghala kubwa, muda, na kalamu. Mwanamke wa kijijini alipopika vizuri, ujuzi wake ulikufa naye au ulimfikia binti yake tu. Mtawa aliandika. Kwa hiyo twajua kwamba abati Adalhard wa Corbie, Ufaransa, mwaka 822 alitaja katika maagizo yake mmea uitwao hopsi, ambao maua yake ni machungu. Mtawa wa kike Hildegard wa Bingen, Ujerumani, aliyeishi tangu 1098 hata 1179, aliandika kwamba uchungu wa mmea huo huzuia vinywaji visiharibike upesi. Jambo lenyewe si geni kwetu, kwa maana Wachagga hutia gome la msesewe katika mbege ili iwe na ukali wake. Lakini hopsi iliipa pombe ya Ulaya maisha marefu. Pombe isiyo na hopsi ilikuwa ya kunywewa upesi, hapo hapo ilipopikwa. Yenye hopsi iliweza kutiwa pipani, kupakiwa garini au chomboni, na kuuzwa mji wa mbali. Ua moja chungu liliifanya pombe kuwa bidhaa. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 ikaamuru pombe ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Chachu haikutajwa.

Monasteri nyingi zikatajirika kwa biashara hiyo. Watawa nao wakapata udhuru wa Kwaresima, kwamba kinywaji hakivunji saumu. Wengine wakapika pombe nzito kama uji ili iwatie nguvu wakati wa kufunga. Hapo tunaona akili ya mwanadamu ilivyo hodari kutafuta njia ya kando.

Makanisa ya vijijini Uingereza yalikuwa na desturi nyingine. Paa la kanisa likivuja, au kengele ikipasuka, waumini walichanga kimea, wakapika pombe, wakaiuza siku ya sikukuu, hasa Pentekoste, na fedha zikaenda katika mfuko wa kanisa. Kijiji kizima kilikuja, na vijiji jirani pia. Waliofuata matengenezo ya dini katika karne za 16 na 17, wale walioitwa Wapuritani, waliichukia desturi hiyo kwa sababu ya ngoma na ulevi uliofuatana nayo, hata ikafifia. Hata hivyo makanisa mengi ya zamani tunayoyaona katika picha yalitengenezwa kwa fedha ya mitungi.

Wala watu wasidhani kwamba Waprotestanti tangu mwanzo walikuwa adui wa pombe. Martin Luther aliyeanzisha matengenezo yale Ujerumani alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525. Bibi huyo alikuwa mtawa zamani, akatoka. Wakakaa Wittenberg katika nyumba iliyokuwa monasteri, naye akalima, akafuga, akapika pombe ya nyumbani kwa mumewe na wageni wake wengi. Kama mmisionari wa Kiprotestanti angalitumwa kwetu katika siku za Luther, huenda yule shangazi wa arusini asingalitengwa na kanisa lake.

Lakini hakutumwa siku hizo. Alitumwa miaka 300 baadaye, na katika miaka hiyo Ulaya ilikuwa imegeuka. Monasteri za Uingereza zilifungwa na mfalme Henry wa Nane kati ya 1536 na 1540. Za Ufaransa zilifungwa katika mapinduzi ya mwaka 1789 na miaka iliyofuata. Za Bavaria zikachukuliwa na serikali mwaka 1803. Upishi ukatoka katika mikono ya watawa na ya akina mama, ukaingia katika viwanda. Pamoja na pombe ya shayiri ikaja pombe kali iliyokenekwa, rahisi kwa bei. Mafundi na vibarua waliohamia miji ya viwanda wakanywa mishahara yao Jumamosi jioni, na watoto wakalala njaa. Wakristo waliouona msiba huo kwa macho yao wakasimama kuupinga. Huko Marekani chama kikubwa cha kupinga ulevi kilianzishwa Boston mwaka 1826. Huko Preston, Uingereza, mwaka 1832, Joseph Livesey na wenziwe sita walitia sahihi zao katika ahadi ya kutokunywa kileo chochote, hata kile cha shayiri kilichokuwa chakula cha baba zao. Ireland, padre Mkatoliki Theobald Mathew alianza mwaka 1838 kuwaapisha watu kwa maelfu na malaki.

Moto huo ulifika hata mezani pa Bwana. Mwaka 1869 Thomas Welch, daktari wa meno na Mmethodisti wa Marekani, aliutumia ujuzi wa Pasteur kwa namna ambayo Pasteur hakuifikiri. Aliipasha moto maji ya zabibu ndani ya chupa ili isichachuke, kusudi kanisa lake lipate kikombe kisicho na kileo. Basi ujuzi mmoja uliowafundisha wenye viwanda kupika pombe bora uliwafundisha wengine kuizuia isizaliwe.

Sasa, wasikilizaji wetu, tumefika mlangoni petu. Wamisionari waliokuja Afrika ya Mashariki katika karne ya 19 hawakutoka katika Ulaya moja. Wengi katika wale waliotoka Uingereza na Marekani walikuwa watoto wa mwendo ule wa ahadi: walikulia katika nyumba ambamo pombe ilikuwa jina la msiba wa mjini. Walipokikuta chungu kijijini, waliona ndani yake mlevi wa mji wa viwanda. Upande wa pili walikuja mapadre Wakatoliki: wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, Mapadre Weupe waliofika Buganda mwaka 1879, na Wabenediktini wa St. Ottilien, Bavaria, waliojenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Hawa wa mwisho ni wafuasi wa kanuni ile ile ya Benedikto, na katika nchi yao monasteri ya Andechs imekuwa ikipika pombe tangu mwaka 1455. Mtu wa namna hiyo akikuta chungu, ataona kitu alichokiona kwao. Atauliza tu kama mwenyewe amelewa. Hatusemi kwamba kila mmisionari alikuwa hivyo. Palikuwa na mapadre wakali mno juu ya pombe, na wachungaji walionyamaza. Lakini shangazi na ndugu yake, waliogombana arusini, wanabishana kwa maneno ya Preston na ya Bavaria, wala hawajui.

Katika miaka ya 1930 ulizuka uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, na waliookoka waliiacha pombe kabisa. Hao hawakuamriwa na mgeni. Walijiamulia, wakaungama hadharani, wakavimwaga vyungu vyao wenyewe. Kwa hiyo si haki kusema kwamba kukataa pombe ni jambo la Wazungu tu.

Wala si jambo la Wakristo tu. Waislamu wa pwani walikuwa wameliamua zamani. Katika Uislamu katazo lilishuka kwa hatua, likatimia Madina. Wanazuoni wa kwanza walibishana kidogo juu ya vinywaji visivyotoka katika zabibu. Baadhi ya wanazuoni wa Kufa walivipa nafasi visipolevya. Lakini watu wa pwani yetu wengi ni wa madhehebu ya Shafi, nayo yasema kila kilevyacho ni haramu, kikiwa kingi au kichache, kikiwa cha mtama au cha mnazi. Ndiyo sababu mjomba wa arusini hana ubishi na mtu. Anakunywa chai yake.

Amebaki babu. Katika mambo mengi wamisionari hawakupatana, lakini juu ya pombe aliyoimwaga kando ya mlango walipatana: hiyo ilikuwa ibada ya mizimu, nayo ilipaswa kukoma. Tuseme kweli, kwa upande wa mafundisho yao hawakuweza kusema vingine. Lakini walichokiondoa hakikuwa sala peke yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya Wakikuyu, alieleza jinsi pombe ilivyokuwa kiungo cha wazee na waliotangulia. Kwa Wakikuyu, kama kwa makabila mengi, kunywa ilikuwa haki ya wazee, na kijana hakukisogelea chungu ila kwa kutumwa. Pombe ilipikwa kwa sababu inayojulikana: mahari, mavuno, mvua, maziko. Ilipikwa kwa siku inayojulikana na kwa watu wanaojulikana kwa majina. Tena ilikuwa haiwekeki. Baada ya siku chache huwa chungu ya kutupwa. Katika mpango huo mlevi wa kila siku hakupata mahali pa kulewea, kwa kuwa hapakuwa na pombe ya kila siku. Tambiko lilipoondolewa, chungu hakikuondoka. Kiliondoka kipimo chake. Pombe ikahamia kilabuni, ambako haiulizwi sababu wala siku wala umri, bali fedha tu. Na mama mjane aipikaye apate karo ya watoto hana mzee wa kumwambia nani asiuziwe. Sisi twaona kwamba hiyo ndiyo hasara kubwa katika habari hizi zote, na makanisa yetu hayajaihesabu vya kutosha.

Watawa wa Ubelgiji waitwao Watrapisti walijaribu kukishika kipimo hicho ndani ya biashara. Baada ya misukosuko ya Ufaransa walirudi, na monasteri ya Westmalle ikaanza kupika mwaka 1836. Tangu 1997 wana chama chao, na masharti yake ni haya: pombe ipikwe ndani ya ukuta wa monasteri au karibu nayo, chini ya uangalizi wa watawa wenyewe, na faida iende katika matunzo ya nyumba na msaada kwa wahitaji. Westvleteren, ingawa wanywaji wa nchi nyingi waliitafuta sana pombe yake, walikataa kuongeza mapipa. Walisema wanapika ili waishi, hawaishi ili wapike. Mwaka 2021 pombe ya Achel ilipoteza alama ya chama hicho. Ladha haikubadilika, hapakuwa na mtawa tena aliyekaa mle.

Na huku kwetu, Rwanda walikuwa na sikukuu ya malimbuko iitwayo Umuganura, ambayo mfalme alionja mtama mpya kabla ya watu wake. Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji ulimhamisha Gashamura, mkuu wa ibada hiyo, akapelekwa Burundi, na sikukuu ikakoma. Huko Burundi nako sikukuu kama hiyo, Umuganuro, ilikoma mwaka 1929. Lakini katika miaka yetu hii Rwanda imeirudisha Umuganura kuwa siku ya mapumziko, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti. Mazao huletwa uwanjani katika vikapu, watoto hunyweshwa maziwa na wakubwa, na pombe ya mtama hukaa katikati na mirija yake. Wanaokuja ni wa kila dini. Asiyekunywa hupewa kinywaji kingine, akaketi pale pale pamoja na wenziwe.